Korosho tumezisemea Bungeni. Na mabinti zetu?

ILIKUWA baada ya Sala ya Alasiri, msimu wa korosho ukielekea ukingoni, alipokuja mzee mmoja katika ofisi ya kamati ya msikiti wetu hapa Nanganga. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja tu, chenye meza, mkeka na kabati la chuma tunamotunza daftari la ndoa. Mzee alikuwa amekwishalipwa fedha zake za mnada kupitia chama cha msingi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo. Tukasalimiana, tukaulizana hali za nyumbani, kisha akaeleza haja yake: anamwoza binti yake, mahari imekwishapokewa, wajomba wa binti wameridhia, imebaki siku ya akdi.

Tukamwuliza umri wa binti. Akajibu: "Amemaliza la saba, na amekwishachezwa."

Kwa mtu wa Kusini hilo ni jibu kamili. Mwali aliyechezwa unyago ametoka utotoni, na makungwi wamekwishamwambia yote ambayo mke huambiwa. Kwa katibu mwenye daftari mbele yake halikuwa jibu, kwa sababu safu ya umri inataka tarakimu. Cheti cha kuzaliwa hakikuwapo. Kesho yake mama wa binti alileta kadi ya kliniki, imechakaa na kukunjika mara nne, nayo ikaonesha kuwa binti ana miaka 15 na miezi 4.

Kamati ilikaa usiku huo baada ya Isha, na tunakiri kuwa kikao hakikuwa chepesi. Mzee mmoja kati yetu, mtu tunayemheshimu kwa elimu na kwa umri, aliuliza: "Nani hapa mama yake aliolewa akiwa na miaka 18?" Hakuna aliyejibu. Lilikuwa swali la haki. Mwingine akasema kuwa bora ndoa kuliko zinaa, na hilo nalo hakuna Muislamu wa kulipinga. Imamu wetu alisikiliza hadi mwisho, ndipo akasema hatafungisha akdi ile kabla akina mama wawili hawajakaa na binti peke yake, bila ya baba wala mjomba, wakamsikia kwa masikio yao.

Baba wa binti aliliona hilo kuwa ni dharau. Hatukumlaumu sana, kwake lilikuwa jambo la kukaguliwa nyumba yake. Ijumaa ya pili tukapata habari kuwa akdi imefungwa katika kijiji kingine, mchana kweupe, mashahidi wakiwapo na cheti kikatolewa. Hakuna aliyevunja sheria ya nchi. Hilo ndilo lililotukosesha usingizi, na ndilo lililotufanya tuanze kuuliza maswali ambayo, kusema kweli, tulikuwa tukiyaachia watu wa Dar es Salaam.

Sheria tatu na mtoto mmoja

Sheria ya Ndoa, Na. 5 ya mwaka 1971, ilianza kutumika tarehe 1 Mei ya mwaka huo. Kifungu cha 13 kinamtaka mwanamume awe ametimiza miaka 18, na mwanamke miaka 15. Mahakama inaweza kumruhusu hata mwenye miaka 14 ikiona sababu. Kifungu cha 17 kinataka idhini ya baba kwa binti asiyetimiza miaka 18, na ikiwa baba amefariki, idhini ya mama. Miaka 38 baadaye ikatungwa Sheria ya Mtoto ya 2009, ikasema kuwa mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu nayo ikarekebishwa, na mwenye kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari akawekewa kifungo kinachofika miaka 30.

Zisome pamoja, ndugu msomaji. Binti wa miaka 15 ni mtoto. Akiwa darasani, anayemwoa anakwenda jela. Akimaliza darasa la saba na asiendelee, huyo huyo aliyekuwa mtoto jana ni mke halali leo. Wazazi wa huku wanalijua tundu hilo. Tumesikia ya mabinti wanaoambiwa nyumbani wajibu mtihani vibaya kwa makusudi ili jina lisitoke kwenye orodha ya waliochaguliwa kidato cha kwanza, na kwa baadhi ya nyumba tunaamini ni kweli. Elimu ya kidato cha kwanza hadi cha nne imekuwa bila ada tangu Januari 2016, kwa hiyo kisingizio cha karo hakina tena nguvu kiliyokuwa nayo.

Wapo waliokwenda mahakamani kwa ajili ya jambo hili. Mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, mwasisi wa shirika la Msichana Initiative, alifungua shauri dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali katika Mahakama Kuu. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama ilitamka kuwa vifungu hivyo viwili vinakwenda kinyume na Katiba kwa kumbagua mtoto wa kike, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali rufaa hiyo na kuamuru marekebisho yafanyike ndani ya mwaka mmoja. Muswada ulifikishwa mbele ya kamati ya Bunge, ukarudishwa ili yakusanywe maoni zaidi, yakiwamo ya viongozi wa dini. Oktoba 2024 hukumu ile ilitimiza miaka mitano, na vifungu vilikuwa bado vimo kitabuni.

Kuna jambo moja katika rufaa ile ambalo kila Muislamu angepaswa kulijua. Miongoni mwa hoja zilizotetea vifungu hivyo ilikuwa kwamba tofauti ya umri ni maridhiano yaliyozingatia mila na sheria ya Kiislamu. Maana yake dini yetu ilisimamishwa kizimbani kukitetea kifungu ambacho masheikh hawakukiandika. Hatukuona wakati ule, katika misikiti tunayoijua sisi, kikao hata kimoja cha kuulizana: je, hayo ndiyo tunayoyasema?

Hofu yetu na mipaka yake

Tunajua kwa nini misikiti ilikaa kimya. Waislamu wa nchi hii wana kumbukumbu. Wazee wanakumbuka jumuiya ya EAMWS ilivyopigwa marufuku mwaka 1968. Vijana wanakumbuka kuwa mwaka 2015 muswada uliogusa Mahakama ya Kadhi ulipelekwa Dodoma ukaondolewa kabla ya kupitishwa. Mtu aliyeomba moja akanyimwa huwa mzito kuchangia jingine, na husema: leo umri wa ndoa, kesho mirathi. Kisha wanaharakati nao, baadhi yao, hufika vijijini na fulana na magari, wakazungumza kana kwamba Uislamu ni maradhi waliyokuja kuyatibu. Tumewahi kukaa katika semina ya namna hiyo. Chai ilikuwa nzuri, lakini hakuna aliyetuuliza chochote.

Lakini hofu hiyo ina mipaka, na takwimu zinaionesha. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2010 ulionesha kuwa mkoani Lindi, katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24, 48 walikuwa wameolewa kabla ya miaka 18. Mikoa iliyokuwa juu yetu ilikuwa Shinyanga, wanawake 59, Tabora, 58, Mara, 55, na Dodoma, 51. Anayedai kuwa ndoa za utotoni ni jambo la Waislamu atueleze kuhusu Mara. Na Muislamu anayedhani kuwa anapozitetea anaitetea dini yake, naye atueleze hivyo hivyo. Utafiti wa 2022 ulikuta nchi nzima ikiwa na wanawake 29 katika kila 100. Hesabu inashuka, lakini pole pole mno kwa binti ambaye siku yake ya akdi imekwishapangwa.

Tulivyosoma chuoni na tunavyotenda kijijini

Sisi tuliopita katika vyuo vya Kiislamu tulisomeshwa haya, kisha tukarudi nyumbani na kuyaweka rafuni. Katika Surat an-Nisaa, aya ya 6, Allah (s.w.) anaagiza mayatima wajaribiwe mpaka wafikie umri wa nikahi, na ikionekana kwao busara ya kuendesha mambo, ndipo wakabidhiwe mali zao. Aya inazungumzia mali, lakini inatufundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba nikahi ina umri wake, na kwamba baada ya mwili kukua bado inatazamwa rushdi, yaani ukomavu wa akili. Baba wa Nanganga hawezi kumkabidhi binti wa miaka 15 daftari la mauzo ya ufuta wa familia. Anamkabidhi nyumba, mume, ujauzito na mama mkwe.

Wanazuoni walihitilafiana tangu zamani. Imamu Shafi, ambaye sisi wa pwani na Kusini tunamfuata, aliweka baleghe kwa kuhesabu umri, pale dalili zisipoonekana, kuwa ni miaka 15 ya mwandamo. Imamu Abu Hanifa aliona ni miaka 17 kwa msichana na 18 kwa mvulana. Ibn Shubruma, kadhi na mwanazuoni wa Kufa, alikwenda mbali zaidi, akasema mtoto haozwi kabisa kabla ya kubaleghe, kwa kuwa hana haja na ndoa. Dola ya Uthmaniya ilipoandika sheria yake ya familia mwaka 1917, ilichukua rai hiyo ya Ibn Shubruma na kuweka umri wa miaka 18 kwa mwanamume na 17 kwa mwanamke, kadhi akiachiwa nafasi ya kumruhusu mdogo zaidi aliyekomaa. Wakati huo hapakuwa na shirika lolote la Ulaya lenye semina huko Istanbul. Waliokaa mezani walikuwa mafakihi.

Tunaijua hoja itakayofuata, kwa kuwa ndiyo iliyotolewa kwanza katika kikao chetu: ndoa ya Mama wa Waumini Aisha (r.a.). Hapa hatukusudii kufungua mjadala wa riwaya. Tunasema tu kwamba jambo lililoruhusiwa si jambo lililoamrishwa, na mafakihi wa madhehebu zote wanakubali kuwa mwenye mamlaka anaweza kuliwekea mpaka jambo la mubaha pale maslahi ya watu yanapotaka hivyo. Ndivyo walivyofanya Oman kwa sheria yao ya familia ya mwaka 1997, inayotaja miaka 18. Ndivyo Morocco mwaka 2004, na Algeria mwaka 2005 walipopandisha hadi 19. Misri tangu 2008 haisajili ndoa ya aliye chini ya miaka 18. Watu hao hawakuritadi.

Yapo pia masharti ya walii ambayo hatuyaulizi. Hata katika madhehebu yetu, ambayo yanampa baba mamlaka makubwa juu ya binti yake bikira, mafakihi waliweka masharti: kusiwe na uadui wa dhahiri baina ya baba na binti, mume awe kufu yake, mahari yasipungue kadiri ya wanawake wa hali yake, na mume awe na uwezo wa kuyatoa. Mtume (s.a.w.) aliivunja ndoa ya Khansaa bint Khidham alipomlalamikia kuwa baba yake amemwoza naye hataki. Je, ni akdi ngapi tulizohudhuria ambamo aliyeulizwa alikuwa binti mwenyewe, na kunyamaza kwake kukatofautishwa na kulia kwake?

Huku kwetu kuna jingine. Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde ni watu wa ukoo wa mama. Baba yupo, lakini neno kubwa ni la mjomba. Mjomba ndiye anayekaa na wazee wa upande wa pili, na mara nyingine mahari humpitia yeye. Hatudharau mila hiyo; imelea watu wengi waliofiwa na baba zao, nasi wenyewe tumesomeshwa na wajomba. Ila katika fiqhi mjomba wa upande wa mama si walii. Kwa hiyo katika ndoa nyingi za hapa mila imepewa nafasi ya sheria, kisha ukiuliza unaambiwa ni dini. Mzee yule aliyekuja ofisini alitaja ridhaa ya wajomba kabla ya kitu kingine chochote. Ridhaa ya binti hakuitaja, nasi tulipoitaja aliona tunamkosea.

Walivyofanya Waislamu wa Indonesia

Katika kutafuta mfano wa kutufaa tulikutana na habari za Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko nyingine yoyote duniani, na wengi wao ni wa madhehebu ya Shafi kama sisi. Sheria yao ya ndoa ya mwaka 1974 ilifanana na yetu: mwanamume miaka 19, mwanamke 16. Aprili 2017 wanazuoni wa kike walikutana katika chuo cha Kiislamu cha Kebon Jambu, huko Cirebon. Hawakuwa wanasiasa. Walikuwa walimu wa vyuo vya Qur'an, wake wa masheikh, watu wanaojua kusoma kitabu na kupika kwa ajili ya wanafunzi mia. Walikaa wakapitia aya, hadithi na kauli za mafakihi, wakasikiliza na waliyoyapitia mabinti wenyewe, kisha wakatoa fatwa kwamba kuzuia ndoa ya utotoni yenye madhara ni wajibu, wakalitaka Bunge lipandishe umri.

Mwaka uliofuata, Desemba 2018, Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliamua shauri lililofunguliwa na wanawake walioolewa wakiwa watoto, ikatamka kuwa tofauti ya umri ni ubaguzi. Ikalipa Bunge miaka mitatu. Bunge halikuitumia yote: Septemba 2019 lilipitisha marekebisho, umri ukawa miaka 19 kwa wote wawili. Linganisha na sisi. Mahakama yao ilitoa miaka mitatu wakamaliza chini ya mmoja. Yetu ilitoa mmoja tukapitisha mitano. Tunavyoona, sababu moja ni kwamba kule mbunge hakuweza kusema anawaogopa masheikh. Wanazuoni wenyewe walikuwa wamekwishasema, na waliosema ni wanawake.

Tusiwapambe kupita kiasi. Sheria yao iliacha mlango: wazazi wanaweza kuiomba mahakama kibali cha kumwoza aliye chini ya umri. Mwaka 2020 maombi hayo yalizidi 60,000, na mengi yalikubaliwa. Ndiyo maana sisi tunaogopa kibali cha mahakama kibaki katika sheria yetu bila ya masharti mazito. Aidha tunaogopa upande wa pili: adhabu kali isiyotanguliwa na elimu itazizika ndoa hizi gizani, zifungwe ndani bila ya cheti, na binti akiachwa akose hata karatasi ya kudai haki ya mtoto wake. Kwa hili hatuna jibu la uhakika. Tunaliweka mbele ya wasomaji wenye elimu kuliko sisi.

Kwa nini tuliweza kwa korosho?

Nanganga ni njia panda. Magari yanayotoka pwani hupunguza mwendo hapa, mengine yakaendelea Ndanda na Masasi, mengine yakakata kwenda Ruangwa na Nachingwea. Habari pia hupita hapa. Mwaka 2018 habari zilikuwa za korosho. Sheria ya korosho ilikuwa imeweka kuwa asilimia 65 ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje irudi kuendeleza zao lenyewe, kwa pembejeo na utafiti. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ikaielekeza fedha yote mfuko mkuu wa Serikali. Wabunge wa Kusini walisimama Bungeni, mmoja baada ya mwingine, wakapinga kwa ukali ambao nchi nzima iliusikia redioni. Hawakushinda. Lakini walisimama, na walisimama kwa sababu sisi huku hatukuwaacha walale. Wakulima wa vyama vya msingi walipiga simu, wazee waliwafuata majumbani, na hata baada ya Sala ya Ijumaa mazungumzo barazani yalikuwa salfa na ushuru.

Kwa hiyo si kweli kuwa mtu wa kijijini hajui kusema na mbunge. Tunajua sana. Ruangwa ni jimbo lililoipa nchi Waziri Mkuu mwaka 2015; hatuko mbali na Dodoma kama tunavyojisingizia. Tulipojiuliza ni lini tulimpigia mheshimiwa simu kuhusu umri wa ndoa, ofisi nzima ilinyamaza.

Wala si jambo geni nchini petu watu wasio wabunge kulisukuma Bunge. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987 na wanawake ambao miongoni mwao alikuwamo Muislamu Fatma Alloo, kilipigia kelele udhalilishaji wa wanawake na watoto kwa miaka, hadi ikapitishwa sheria ya makosa ya kujamiiana mwaka 1998. Mwaka uliofuata zikapita sheria za ardhi, zikamtambua mwanamke kuwa na haki sawa ya kumiliki shamba. Mjane wa huku anayevuna mikorosho yake leo bila ya kufukuzwa na shemeji zake anafaidi kazi ya watu ambao hatajua majina yao.

Barua ya darasa la Alhamisi

Waliotuondoa katika maneno wakatuingiza katika vitendo ni akina mama wa darasa la Alhamisi, wanaosoma hapa msikitini baada ya Adhuhuri. Sisi tulikwenda kuwaeleza habari za Indonesia tukidhani tunawapa somo la siku moja. Mwalimu wao akauliza: "Kwa hiyo barua tunaandika lini?"

Iliandikwa kwa Alhamisi tatu. Rasimu ya kwanza ilikuwa yetu, nayo ilijaa vifungu na haki za binadamu. Akina mama waliikataa. Mmoja, bibi wa makamo ambaye ni kungwi anayejulikana tangu hapa hadi Ruangwa, alisema neno linalotakiwa ni amana, kwa kuwa mtoto ni amana na mbunge anajua kuwa amana huulizwa. Ikaandikwa amana. Walisema wao wenyewe waliolewa wadogo na hawawalaani wazazi wao. Walitaja fistula, wakaitaja kwa jina lake la mtaani ambalo hatutaliandika katika kurasa za familia. Walitaja mabinti wanaorudi nyumbani na talaka kabla mtoto hajaota meno. Kuhusu wasichana waliopata ujauzito na wakaozwa ili kufunika aibu, walikumbusha kuwa tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu mama mzazi arudi shuleni, kwa hiyo aibu isiwe hukumu ya maisha.

Wanachoomba ni kwamba mbunge asimame Bungeni kuuliza muswada uko wapi. Kwamba umri uwe miaka 18 kwa wote. Na kwamba nguzo za nikahi, walii, mashahidi, mahari na mirathi yetu visiguswe. Wameomba pia kuwa kamati ya Bunge itakapoita maoni, isiite mashirika ya mjini peke yake, bali iwaite na makungwi. Ombi hili la mwisho lilituchekesha kwanza. Baadaye tuliona kuwa huenda ndilo lenye akili kuliko yote, kwa sababu hapa kwetu kungwi akimwambia mwali "bado", atasikilizwa kabla ya hakimu.

Bibi yule amekwishaanza. Anasema mafunzo ya unyago yataendelea, watoto watachezwa likizo kama kawaida, ila neno la kuwa sasa umekuwa mke ameliondoa katika nyumba yake. Wenzake wengine hawajamkubalia.

Kamati ya msikiti nayo imeamua lake, bila ya kungoja Dodoma. Daftari letu sasa lina ukurasa wa ziada: kabla ya akdi, akina mama wawili waaminifu wanakaa na binti na kuweka sahihi zao kuwa wamemsikia. Aliye chini ya miaka 18 hatumfungishi. Tunajua kuwa wapo watakaokwenda kijiji cha pili, kama alivyokwenda mzee yule. Ndiyo sababu tunaitaka sheria, kwani msikiti mmoja hauwezi kuufunga mlango ambao nchi imeuacha wazi.

Kuhusu binti yule, alirudi kwao kabla ya msimu uliofuata wa korosho, akiwa katika eda na mtoto mgongoni. Baba yake ndiye aliyemleta darasani siku ya Alhamisi, akasimama nje kwenye mwembe hadi lilipokwisha, hakusema neno nasi zaidi ya salamu. Barua ilipozungushwa, walio wengi walitia dole gumba. Yeye aliandika jina lake kamili kwa mwandiko mzuri wa shule, kisha akauliza kama aandike na umri. Tukamwambia aandike.

Barua imepelekwa katika ofisi ya mbunge na nakala imepigwa muhuri wa kupokelewa. Kila Alhamisi akina mama hutuuliza kama jibu limekuja. Tunawaambia bado, nao hutukumbusha tarehe ya kuanza kwa kikao kijacho cha Bunge.